Barabara Ikifungwa, Watoto Waende Wapi?

Walimu wenzangu mliobaki na chaki mikononi, mlinipa blanketi, mkanipa saa ya ukutani, mkanipa na dakika tano za kuzungumza kwenye sherehe ya kuniaga. Dakika ya tatu mwenyekiti wa kamati akanikatiza kwa sababu pilau ilikuwa inapoa. Hizi hapa ni zile dakika mbili zilizobaki.

Vyeo nitaviruka, na mshahara nitauruka kama ulivyozoea kuniruka mimi. Nataka kuandika juu ya jambo moja ambalo chuoni hakuna aliyenifundisha: ufanye nini na shule yako siku ambayo mji wa Machakos umepata mgeni mkubwa, au mashindano, au sherehe, na barabara imefungwa. Ufunge shule ama usifunge? Swali hili litawafikia. Mimi lilinifikia mara kadhaa, na ile mara niliyolijibu vizuri ndiyo niliyohamishwa.

Nilikuja shule ya mjini miaka ya tisini, kutoka upande wa Mitaboni. Kule nilikuwa nimezoea watoto wanaopita kwenye njia za mashamba, na hatari kubwa ya safari yao ni ng'ombe wa jirani. Shule mpya ilikuwa kando kabisa ya barabara kuu ya kuingia mjini. Sitaitaja jina, maana ina kamati inayopenda vikao. Siku ya kwanza nilipokelewa na naibu wa mwalimu mkuu, Mwalimu Zuhura, mama wa makamo aliyevaa buibui na viatu vya raba. Babu yake alikuja Machakos kutoka Pwani kufanya biashara, akaoa Mkamba, akabaki. Kwa hiyo Zuhura alizungumza Kikamba sawa na mimi na Kiswahili kunishinda, na hilo la pili hakunisamehe hadi alipostaafu.

"Karibu, Mwalimu Kyalo," aliniambia. "Una rejista?"

"Niko na rejista, mwalimu."

"Uko nayo. Haya. Na watoto je, unao?"

Sikumwelewa. Akanieleza, akiwa ametazama dirishani, kwamba rejista inaonyesha mtoto aliyefika. Haionyeshi ametokea wapi wala atarudi kwa njia gani. "Hiyo nusu ya pili utaibeba kichwani," alisema. Halafu akanikabidhi darasa la kwanza, watoto sitini na kitu, pamoja na kifutio kilichokatwa kutoka kwenye godoro la mtu. Kengele yetu ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa mtini, na nondo ya kuigongea ilifichwa ofisini ili isiibwe. Rimu yenyewe hakuna aliyeweza kuibeba.

Muhula ule ule barua ikaja. Mgeni mkubwa alikuwa anakuja kutoka Nairobi kuhutubia watu uwanjani, na shule zote za kando ya barabara ziliamriwa kusimamisha masomo, zipange watoto mistari, wapunge vibendera na kuimba. Mwalimu mkuu wetu wa wakati huo alikuwa mzee mpole anayeogopa karatasi yoyote yenye muhuri. Aliisoma barua ile amesimama.

Mimi nilifurahi. Nilikuwa na daftari za hesabu ambazo hazijasahihishwa, zimefika magotini. Siku moja bila masomo niliiona kama zawadi, na sitawadanganya kwamba niliwafikiria watoto.

Tukasimama kando ya lami tangu asubuhi. Watoto waliimba hadi wakakauka, wakanywa maji ya mfereji wa shule, wakaimba tena. Jua la Machakos mnalijua. Kwenye saa nane hivi, Mbithe, msichana mdogo kuliko wote darasani kwangu, akaniambia kamba ya kiatu chake imefunguka. Nikainama nikamfunga. Nilipoinuka niliona vumbi, na watu wakipiga makofi. Hadi leo siwezi kuwaambia kama mgeni yule alikuwa na masharubu.

"Haya, shule imefungwa," akasema mwalimu mkuu. "Waende nyumbani." Akaweka koti lake la suti begani, akaelekea uwanjani.

Watoto wakatawanyika. Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba barabara bado ilikuwa imezuiwa hadi mgeni arudi, na kwamba karibu nusu ya wale watoto nyumbani kwao ni ng'ambo.

Saa kumi mama yake Mbithe akafika kwenye lango la shule na gunia lake la sukuma wiki. Alikuwa amezunguka hadi karibu na daraja kutafuta mahali pa kuvukia. Nilikuwa peke yangu, nasahihisha hesabu.

"Mbithe ako wapi, mwalimu?"

"Mama, tuliwaachilia saa nane."

"Mliwaachilia waende wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani ni ng'ambo. Nimesimama ng'ambo tangu saa nane, naangalia askari. Hakuna mtoto amevuka." Hakupandisha sauti. Aliweka gunia chini. "Asubuhi mtoto nilikupatia wewe. Sikuipatia barabara."

Nimewahi kuitwa majina mengi kazini, mengine yakiwa yameandikwa kwenye ukuta wa choo. Hakuna lililoniingia kama maneno hayo. Nilimwita Zuhura kwake, tukaanza kutafuta. Niliingia kwenye mitaro. Nilichungulia chini ya malori yaliyozuiwa tangu asubuhi, na madereva wakaniuliza nimepoteza nini, na mimi nikashindwa kusema neno "mtoto." Nikasema "kitu."

"Ulimwona mara ya mwisho wapi?" Zuhura aliniuliza.

"Nikimfunga kiatu."

"Na baada ya hapo?"

"Kulikuwa na vumbi."

Alitembea mbele yangu kwa zile raba zake, akimwuliza kila mtu swali moja tu: nani alipita hapa akiwa kwenye mstari? Mwenye kibanda cha chai akamwambia akina mama wa ngoma kutoka upande wa Kathiani ndio waliopita kwa mstari, wakielekea uwanjani, na nyuma yao kulikuwa na katoto kamevaa sare.

Tulimkuta nyuma ya hema la wageni, katikati ya wale akina mama, amekalia kreti ya soda. Aliona watu wamepanga mstari, na siku hiyo yote alikuwa amefundishwa kwamba kazi yake ni kukaa kwenye mstari. Mkono mmoja alikuwa na paja la kuku, mwingine chupa ya soda. Aliponiona aliuliza kwa adabu, "Mwalimu, huyu mgeni atakuja tena lini?"

Mama yake alimpangusa mdomo kwa leso. Halafu akanitazama akasema, "Vai thina, mwalimu," yaani hakuna shida. Alivyolisema ndivyo nilivyojua kwamba shida ipo, na ni yangu.

Kesho yake Zuhura alinunua daftari la kurasa nyingi. Tukakaa wiki nzima tukiita mtoto mmoja mmoja: unatoka upande gani, unavuka wapi, nani yuko nyumbani mchana, kama hakuna mtu unaenda kwa nani? Walimu wenzetu walituita wapelelezi. Nilijifunza mengi kuhusu wanafunzi wangu wiki ile kuliko muhula mzima. Kuna waliokuwa na funguo za nyumba shingoni wakiwa na miaka saba. Kuna ambao nyumbani kwao mchana kulikuwa na mlevi pekee, na ni heri wangelala shuleni. Ndipo nilipoamua kwamba shule isifungwe kamwe, hata mbingu zianguke. Nilikuwa mjinga wa upande mmoja, nikahamia upande wa pili.

Miaka ikapita. Mzee mpole akastaafu, tukaletewa mwalimu mkuu mwingine, mwenye kifua na misemo yake mwenyewe. Simu za mkono zilikuwa zimeanza kuingia, na mtu aliyekuwa nayo aliivalia mkandani ili ionekane. Mwaka huo kukawa na mashindano ya magari, yanatoka upande wa Lukenya na kupita kwetu, na barabara ingefungwa tangu saa moja asubuhi. Shule za jirani zikatangaza hazitafunguliwa. Mkuu wetu akatuita.

"Shule yangu haifungwi na kelele za magari," alisema. "Asiyefika kesho aandike barua ya kujieleza."

Mimi nilipiga makofi. Zuhura hakupiga. Alitazama tumbo la Mwalimu Nduku wa darasa la tatu, aliyekuwa amebakisha wiki chache kujifungua na anaishi ng'ambo, hatua chache kutoka hospitali.

"Huyu je?" akauliza.

"Mimba si ugonjwa," akajibu mkuu.

Kesho yake Nduku alivuka alfajiri, kabla barabara haijafungwa, kwa sababu hakutaka kuandika barua. Watoto mia kadhaa walivuka hivyo hivyo. Walimu tuliofika tulikuwa watano. Mkuu mwenyewe hakufika. Alikuwa anaishi ng'ambo, na alichelewa kuamka.

Saa nne Nduku alishika ukingo wa meza katika chumba cha walimu akasema, "Mwalimu Zuhura, nafikiri ni sasa." Maji yalikuwa yamemwagika sakafuni. Zuhura alinitazama mara moja tu. "Kyalo, nenda barabarani. Usirudi peke yako."

Nilikimbia. Mahali petu pa kuvukia alikuwa amesimamishwa kijana mmoja wa kutoka upande wa Mavoko, amevaa kizibao cha rangi ya chungwa, ameshika bendera na redio ya mkononi.

"Niaje, mwalimu. Hapa hakupitiki."

"Kuna mama anajifungua kule shuleni."

"Sa hii?"

"Hakuniomba ruhusa."

"Manze, magari yako karibu. Mkubwa wangu ataniua."

Ng'ambo, chini ya kivuli cha mti, niliona ambulensi imeegeshwa, safi, na wauguzi wawili wamekaa kwenye ngazi yake wakila mayai ya kuchemsha. Nikamwonyesha kidole.

"Hiyo ni ya madereva," kijana akasema. "Wakianguka."

"Wameanguka?"

"Bado."

"Basi wajikaze kidogo."

Alinitazama. Akatazama shule. Nadhani alikuwa na mama, au dada, sikumwuliza. Gari moja likapita, likatujaza mchanga masikioni. Lilipopita tu akainua redio akasema maneno ambayo sikuyaelewa nusu, akarukia katikati ya barabara na bendera yake, akasimama pale ameipanua mikono kana kwamba angelizuia gari linalofuata kwa kifua. Ambulensi ikavuka. Nililisikia lile gari la pili likifunga breki mbali kule, na dereva akisema yake. Kama kijana huyo anasoma haya, jina lako sikulichukua, na nimelijutia.

Tulipofika Zuhura alikuwa amemlaza Nduku juu ya meza mbili zilizounganishwa, na chini yake ametandika ramani ya Afrika Mashariki. Ndiyo iliyokuwa kitambaa kikubwa na safi kuliko vyote shuleni, kwa kuwa mwalimu wa jiografia hakuwahi kuifungua. Nje ya madirisha shule nzima ilikuwa imejipanga, vichwa juu ya vichwa.

"Wewe nenda kawaimbishe," Zuhura aliniambia. "Huku huna kazi. Waimbe kwa nguvu, wasimsikie."

Nikawapeleka watoto uwanjani. Niliposimama mbele yao, nyimbo zote zikanitoka kichwani isipokuwa wimbo wa kukaribisha wageni. Basi tukauimba huo, karibu mgeni, karibu mgeni, watoto mia kadhaa, mara nyingi sana. Mwishowe Zuhura akatoka mlangoni, mikono ya buibui imekunjwa hadi kwenye viwiko. Aliinua vidole viwili, akaonyesha chumbani. Wawili wazima, alimaanisha, mama na mtoto, lakini darasa la nane wakafikiri ni mapacha na habari hiyo ikazunguka mji kwa mwezi mzima.

Alikuwa msichana. Hakulia mwanzoni, na ilibidi muuguzi amvute maji kwa mrija. Damu ya Nduku nayo ilikataa kukatika. Muuguzi aliniambia baadaye, akinawa mikono kwenye mfereji wetu, kwamba kama tungechelewa kidogo tu tungekuwa tunazungumza mambo mengine. Nilikaa chini palepale kwenye matope.

Jioni tulifagia chumba, mimi na Zuhura. Mwalimu mkuu alikuwa amefika saa tisa, akampongeza kila mtu, akaenda zake.

"Mara ile tulifunga bila kuuliza," Zuhura alisema, "na mara hii tumefungua bila kuuliza. Mimi nachoka, Kyalo. Nimebakisha miaka miwili. Hii utaimaliza wewe."

Namna nilivyokuja kuwa mwalimu mkuu wa shule ile haiwahusu, na haina utamu. Ninachotaka mjue ni barua niliyoikuta mezani mwaka wangu wa pili. Kulikuwa na sherehe kubwa ya siku tatu uwanjani, magari yasingepita, na shule zote za mjini zilitakiwa kufungwa wiki nzima. Wiki nzima, kwa sherehe ya siku tatu. Siku mbili nyingine nadhani zilikuwa za kupumzisha barabara.

Nikafanya jambo ambalo halikuwa limefanywa. Nikawaita wazazi, nikawauliza. Ulikuwa mkutano wa kelele. Mama mmoja wa sokoni alisimama kwanza.

"Mkifunga, wangu nitampeleka wapi? Nimweke chini ya meza na nyanya?"

"Na wangu anavuka," akasema mzee mmoja mkulima wa ng'ambo. "Ukifungua, mwalimu, wewe ndiye utamvusha?"

"Hiyo ni shida ya wa ng'ambo," mwingine akasema, na hapo nusu saa ikapotea.

Zuhura alikuwepo, amekuja kama nyanya wa mwanafunzi. Alinyanyua mkono kama mtoto wa shule. "Kwa nini tunazungumza juu ya jengo?" akauliza. "Barabara imetenganisha jengo na nusu ya watoto. Haijatenganisha watoto na walimu. Kuna walimu wanaoishi ng'ambo. Kuna kanisa ng'ambo, lina viti na linakaa bure Jumatatu hadi Jumamosi."

Mchungaji wa kanisa hilo, aliyekuwa amekaa nyuma, akasema viti ni vizito lakini vipo.

Ndivyo tulivyofanya. Tulichukua lile daftari la nani anavuka na nani havuki, tukagawa shule mara mbili. Watoto wa upande huu walikuja kwangu. Wa ng'ambo walisoma kanisani na walimu wa ng'ambo, na Zuhura, mstaafu mwenye buibui, akawa mkuu wa shule chini ya msalaba kwa siku tatu. Mchungaji alimletea chai yeye mwenyewe. Walioishi mbali sana na pande zote walibaki nyumbani, baada ya wazazi kutuahidi mmoja mmoja nani atakuwa nao mchana. Siku ya kwanza sikula. Nilihesabu watoto asubuhi, mchana na jioni, na kijana wa baiskeli aliyevuka kwa njia ya chini ya daraja akaniletea hesabu ya kanisani. Siku zote tatu hesabu ilikamilika.

Siku ya pili ofisa akafika, amevaa beji ya sherehe.

"Mwalimu, hii shule imefunguliwa ama imefungwa?"

"Ndiyo, mkubwa."

"Ndiyo gani?"

"Hapa imefunguliwa. Ng'ambo imefungwa, lakini watoto wako darasani."

Aliandika kwa muda mrefu. Nilimwandalia kiti. Aliniuliza kama nilipata barua, nikamwambia nilipata na imeandikwa vizuri. Aliniuliza kwa nini sikuifuata, nikamwambia barua haikusema watoto waende wapi, na kama anajua mahali anitajie nitawapeleka sasa hivi. Hapo alifunga kalamu yake.

Sitasema ni kwa sababu hiyo, lakini muhula haujaisha nilikuwa nimehamishiwa upande wa Katangi, kwa manufaa ya utumishi. Nilikwenda kumuaga Zuhura nikiwa na uchungu. Nilitaka aniambie nimeonewa. Alicheka hadi akashika mbavu.

"Nenda tu," alisema. "Huko utapata watu wanaoongea Kiswahili kibaya kuliko chako. Utapumzika."

Katangi nilikaa hadi nikastaafu, na nilipapenda. Mbele ya shule yetu kulipita punda wa maji, mbuzi, na lori moja la mchanga ambalo watoto walilijua kwa jina la dereva. Mwaka wangu wa mwisho barua ikanifikia, imechoka kwa safari. Kulikuwa na sherehe Machakos mjini, mwendo mrefu kutoka kwetu, na kwa sababu ya msongamano wa magari unaotarajiwa, shule zote zifungwe. Zote. Mwandishi hakuona haja ya kutazama ramani.

Niliisoma mbele ya watoto asubuhi, neno kwa neno, kama kanuni inavyotaka. Msichana mmoja wa darasa la nne akanyanyua mkono.

"Mwalimu, msongamano wa magari ni nini?"

Nikatazama barabara. Kulikuwa na mbuzi wawili. Nikatazama walimu wenzangu, nao wakatazama viatu vyao. Basi nikawatoa wote nje, nikawapanga mistari miwili inayokutana, huyu awe lori, huyu awe basi, huyu awe mgeni mkubwa, wewe uwe askari wa kuwazuia. Wakasukumana, wakapiga honi kwa midomo, wakakwama kabisa katikati ya uwanja wakilia kwa kicheko. Kisha tukaingia darasani tukafanya hesabu hadi saa kumi.

Kwenye kitabu cha kumbukumbu za shule, mahali pa kueleza hatua zilizochukuliwa, niliandika: Shule haikufungwa, kwa kukosa magari.